Pameshapoa

Joyce alikuwa ameshafanya usaili mara kumi na moja na kazi hajapata hata moja, kwa hiyo katika nyumba ile ya wapangaji ya Kihonda yeye ndiye aliyehesabiwa mtaalamu. Siku moja kabla ya usaili wa Shakila alimkalisha kwenye stuli uani, yeye mwenyewe akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akakunja nne, akajitia umeneja.

"Tueleze wakati ambao ulishindwa kazini," alisema, "na ulijifunza nini."

Shakila akanyamaza.

"Dada Shakila, hapo usinyamaze. Ukinyamaza wanaandika. Swali hili wanalipenda sana, na lina kanuni yake. Unatafuta kosa dogo, lisiloumiza mtu, halafu unalipamba. Kosa liwe dogo, funzo liwe kubwa. Haya, ulishindwa lini?"

"Nilichelewesha ripoti," Shakila alisema.

"Ukajifunza nini?"

"Kuamka mapema."

Joyce akapiga makofi, akacheka, akaenda kumletea viatu vyake vyeusi amwazime.

Shakila alikuwa na miaka thelathini na tisa. Kwa miaka sita alikuwa mtunza ghala Dakawa, kwenye ghala la mchele la mfanyabiashara mmoja, chini ya meneja aliyeitwa Geofrey. Kisha aliachishwa, na kwa miaka minne iliyofuata alikaanga vitumbua mbele ya nyumba, akiandika barua za maombi ya kazi ambazo hazikujibiwa. Safari hii walimjibu. Kampuni mpya ya nafaka ilikuwa imejenga maghala matatu kando ya barabara ya Dodoma, na ilitafuta msimamizi. Aliisoma ile meseji mara nne kabla ya kuamini kwamba jina lililoandikwa ni lake.

Chumba cha usaili kilikuwa na kiyoyozi kikali na watu watatu nyuma ya meza ndefu. Katikati alikaa Ernest, mkurugenzi, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole. Kulia kwake alikuwa Ester wa rasilimali watu, kijana wa kike mwenye kucha ndefu na boksi la tishu mbele yake. Kushoto alikaa Mzee Abdi, mkuu wa maghala, Mluguru mwenye ndevu nyeupe, ambaye aliitikia shikamoo yake bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi.

Walimuuliza kuhusu unyevu wa mpunga, akajibu. Walimuuliza magunia yapangwe vipi yasigusane na ukuta, akajibu mpaka Mzee Abdi akatikisa kichwa kukubali. Walimuuliza wadudu waharibifu, na vidonge vya kufukizia, na ghala lifungwe siku ngapi baada ya kuwekwa vidonge.

"Siku saba," alisema. "Na kabla mtu hajaingia, milango yote iachwe wazi na hewa ipimwe."

"Safi kabisa," Ernest alisema. Akaegemea kiti. "Tueleze wakati ambao ulishindwa kazini, na ulijifunza nini."

Shakila akavuta pumzi. "Mwaka wangu wa kwanza nilichelewesha ripoti ya mwezi. Meneja alinionya. Tangu siku ile—"

"Hapana," Ernest alisema kwa upole uleule. "Siyo hiyo."

"Samahani, bosi?"

"Hiyo ya ripoti wametuletea watu wanne tangu asubuhi. Mimi nataka ile ya Dakawa. Ile ya Jumapili."

Kiyoyozi kikaendelea kunguruma. Ester akamtazama mkurugenzi wake, kisha akamtazama Shakila, kisha akafungua ukurasa mpya wa daftari.

"Huna haja ya kuogopa," Ernest alisema. "Dunia ya mchele ni ndogo, habari zinatembea. Hapa tunapenda ukweli. Mtu asiyeweza kusema alishindwa wapi, mimi nitamkabidhije ghala? Sema. Tuna muda."

Shakila angeweza kuinuka. Aliwaza baadaye kwamba angeweza kuinuka, akasema ahsanteni, akatoka na viatu vyake vya kuazima. Lakini miaka minne ya moshi wa vitumbua ilimkalisha pale pale. Na kulikuwa na jambo jingine aliloona haya kulikiri: katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Akasema.

Ghala lilikuwa limewekewa vidonge Jumatano. Magunia yalifunikwa turubai, kingo zikakandamizwa kwa mchanga, milango ikabandikwa karatasi yenye picha ya fuvu. Jumapili asubuhi, siku ya nne, lori likafika kutoka Dar es Salaam kuchukua mifuko sitini. Simu ikapigwa. Akaambiwa afungue. Alisema bado siku tatu. Akaambiwa kwani yeye ndiye anayekula huo mchele, afungue.

"Nani alikwambia?" Ernest aliuliza.

Shakila akatazama mikono yake. "Funguo zilikuwa kwangu," alisema. "Uamuzi ulikuwa wangu."

Ernest akatabasamu kidogo, akaandika neno moja. "Endelea."

Alifungua milango yote miwili, akasubiri saa nzima. Wapakiaji hawakuwepo kwa kuwa ilikuwa Jumapili, isipokuwa mmoja aliyekuwa akiishi nyuma ya ghala, Kondo, kijana wa milimani, mtu wa Matombo. Kondo alikuwa mwepesi na mcheshi. Alipanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani tangu utotoni, gunia la kilo hamsini kwake lilikuwa kama mto wa kulalia. Alisimama mlangoni, akanusa. Ndani kulinukia kitunguu saumu, harufu ya vile vidonge.

"Alisema nini?" Ester aliuliza. Kalamu yake ilikuwa tayari.

"Alisema, 'Dada Shakila, pameshapoa?'"

"Na wewe?"

"Nikamwambia pameshapoa."

Shakila akaendelea kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi ya mwingine. Kondo alibeba mifuko yote sitini, dereva akiipokea juu ya lori. Lori likaondoka saa nne. Saa tano Kondo akasema kifua kinambana. Saa sita akaanza kutapika. Shakila alimtafutia gari, gari halikupatikana upesi; lilipopatikana, Kondo alikuwa amelala pale kwenye kibaraza, amemshika kifundo cha mguu, haongei tena, anavuta pumzi kama mtu anayezama. Alikata roho kabla hawajafika barabara ya lami.

"Alikuwa na fahamu mpaka mwisho?" Ernest aliuliza.

"Ndiyo."

"Alikulaumu?"

"Hakuweza kusema."

"Hapana, kwa macho. Mtu huonekana."

Ester alichomoa tishu, akajifuta chini ya jicho kwa ncha ya ukucha, akiangalia asiharibu wanja.

"Halafu kukawa na maelezo ya maandishi," Ernest alisema. "Malizia, usiache mkia."

Maelezo yalikuja kesho yake, yameshachapwa. Yalisema kwamba Jumapili, siku isiyo ya kazi, Kondo alikata utepe wa mlango na kuingia ghalani kuiba mchele, na mtunza ghala akamkuta ameshaanguka. Shakila aliyasoma yote. Aliambiwa kwamba aliyekufa hafukuzwi kazi, lakini aliye hai anafungwa. Akatia sahihi. Polisi wakaichukua karatasi ile, wakafunga jalada. Miezi miwili baadaye akaitwa, akaambiwa biashara imepungua, apumzike kwanza.

"Basi," alisema. "Hapo ndipo niliposhindwa."

"Na funzo?" Ernest aliuliza.

Hapo Shakila alitafuta neno kwa dhati. Alitafuta kama mtu anayepapasa sakafu gizani, na hakukuta kitu. Badala yake ni Mzee Abdi aliyesema, kwa mara ya kwanza tangu swali lile lianze.

"Kwao wanajua?"

"Nani, mzee?"

"Watu wake huko Matombo. Mke, wajomba. Wanajua hayo uliyotueleza sisi?"

"Hapana, mzee."

Mzee Abdi akafunika kalamu yake. "Sina swali jingine," alisema.

Ernest alimsindikiza mwenyewe mpaka kwenye ngazi. Alimshika begani kwa namna ya kaka. "Kazi ni yako," alisema chini chini. "Unaanza Jumatatu. Nilimpigia Geofrey kabla, akaniambia, huyo mwanamke ana kifua. Nikasema ngoja nijaribu. Nimekuuliza mbele ya watu nani alikuamuru, na hukumtaja. Unajua ni wangapi wangemtaja? Biashara hii ina siku zake mbaya, dada yangu. Mimi nahitaji mtu wa siku mbaya."

Shakila alisema ahsante. Aliusikia mdomo wake ukisema ahsante mara mbili.

Jioni ile Joyce alinunua soda, wapangaji wakapongeza. "Nilikwambia!" Joyce alisema. "Kosa dogo, funzo kubwa!" Shakila alikunywa soda yake. Usiku huo na uliofuata hakulala. Habari ya kifo cha Kondo alikuwa ameibeba miaka minne bila kumpa mtu, na mara ya kwanza aliyoitoa, aliitoa kwa watu watatu wa ofisini, akalipwa kazi. Wenyewe, watu wa Kondo, hawajapata hata chembe. Swali la Mzee Abdi lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi alipanda gari la Matombo.

Mvua ilikuwa imenyesha, barabara imekatika mahali pawili, na kipande cha mwisho alikwenda kwa pikipiki, kisha kwa miguu, kati ya migomba na mipilipili manga. Alielekezwa nyumba. Mwaisha, mjane wa Kondo, alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua karafuu na vikonyo vyake. Alikuwa mwembamba, na uso mkavu usioonyesha umri. Walikuwa hawajawahi kuonana.

"Hodi, dada."

"Karibu." Alimsogezea kigoda. Akamletea maji. Akasubiri mgeni aseme kilichomleta, kama ilivyo desturi.

Shakila alisema. Safari hii hakuacha jina. Alimtaja Geofrey, akaitaja simu, akataja karatasi iliyochapwa. Alisema neno lile, pameshapoa, na aliposema akaanza kulia.

Mwaisha aliendelea kuchambua karafuu. Vidole vyake havikusimama hata mara moja.

"Kwa hiyo hakuwa mwizi," alisema mwishowe.

"Hakuwa mwizi."

"Mimi nilijua. Lakini kujua kwangu kulikuwa na faida gani?" Akapepeta vikonyo pembeni. "Unajua walimzika wapi? Mjomba wake, Mzee Pazi, ndiye mkubwa wa ukoo. Alisema mwizi haingii kwenye makaburi ya ukoo wetu. Wakamzika kule chini, karibu na kijito. Mvua za mwaka jana zimechukua upande mmoja wa kaburi. Khitma hakusomewa. Binti yangu aliacha shule kwa sababu ya jina walilompa. Sokoni nikikaribia, mwenye meza anasogeza vitu vyake."

"Nipeleke kwa Mzee Pazi. Nitamwambia mwenyewe."

"Mzee Pazi amekufa mwezi wa Shaabani." Mwaisha akainua macho kwa mara ya kwanza. "Alimlea Kondo tangu akiwa wa kutambaa. Alipokuwa anakufa alisema, yule mtoto alinivunja. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Ungekuja kabla ya Shaabani ungemkuta."

Shakila akafunika uso kwa mtandio.

"Nani mwingine anajua?" Mwaisha aliuliza.

"Watu watatu. Waliniuliza kwenye intavyuu."

"Intavyuu ni nini?"

"Kuulizwa maswali ili upewe kazi."

"Ukawaambia haya. Wakakupa?"

Shakila hakuweza kudanganya tena. "Wamenipa."

Mwaisha akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, kikaisha. "Mume wangu amekuwa na faida kwako, dada," alisema. "Ulimla mara ya kwanza, sasa umemla mara ya pili, na leo umepanda mlima kuja kujifutia mdomo hapa kwangu."

Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na daftari la shule na kalamu. "Andika," alisema. "Yote. Kama ulivyosema. Na jina lako chini, na kidole."

Shakila aliandika kurasa tatu juu ya paja lake. Hakuna aliyemlazimisha, na alipotia sahihi alihisi, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile, kwamba kifua chake kinaingiza hewa yote. Wino wa kidole haukuwepo. Mwaisha akachukua masizi ya chini ya sufuria, akayachanganya na mate, akamshika Shakila kidole gumba kwa nguvu, akakikandamiza kwenye karatasi mpaka mfupa ukauma. Hakumsindikiza. Hakumwambia kwaheri.

Shakila alianza kazi Jumatatu. Alikabidhiwa ofisi yenye dirisha, na fulana mbili zenye nembo. Alifanya kazi siku tisa.

Siku ya kumi polisi walimfuata ghalani. Mwaisha na shemeji yake walikuwa wamelipeleka daftari kituoni, na jalada likafunguliwa upya. Ernest alisimama kwenye mlango wa ofisi yake akiangalia, mikono mifukoni. Kabla gari halijatoka getini, simu ya Shakila ikalia mlio wa meseji. Ilisema kampuni imeamua kuendelea na mwombaji mwingine, na inamtakia kila la heri.

Geofrey aliitwa kutoa maelezo. Alikuja amevaa shati jeupe, akasema anasikitika sana. Alisema Jumapili ile hakumpigia mtu simu. Kumbukumbu za simu za miaka minne hazikupatikana, na dereva wa lori alikuwa ameshahamia Zambia, hajulikani alipo. Halafu akaleta vitabu vya ghala. Kila mahali palikuwa na sahihi ya Shakila: kwenye kitabu cha funguo, kwenye fomu ya kuweka vidonge, kwenye hati ya kutoa mifuko sitini, kwenye maelezo ya kwanza, na sasa kwenye daftari la Mwaisha. Sahihi ya Geofrey haikuwa popote. Hata kwenye ile karatasi iliyochapwa hakuwa ameweka hata nukta.

"Mimi ndiye niliyemfundisha sheria ya siku saba," aliiambia mahakama. "Namwonea huruma. Alikuwa mfanyakazi mzuri."

Shakila aliposimama alimtaja. Alisema jina lake lote, mara tatu, na kumwonyesha kidole. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akauliza kama ana shahidi au maandishi. Hakuwa na lolote. Ernest hakuja. Ester aliandika barua kwamba daftari la usaili ni siri ya kampuni. Mzee Abdi peke yake alikuja, akathibitisha kwamba alimsikia mshtakiwa akieleza habari hizo. Wakili wa serikali akamuuliza kama siku hiyo mshtakiwa alimtaja mtu aliyemwamuru. Mzee Abdi akamtazama Shakila kwanza.

"Aliulizwa," alisema. "Akasema uamuzi ulikuwa wake."

Alihukumiwa miaka mitatu.

Walipomtoa nje kusubiri karandinga, walimpitisha kwenye veranda, na Mwaisha alikuwa pale, amekaa juu ya ukuta mfupi, akila muhogo wa kuchoma. Alikuwa amehudhuria kila siku ya kesi na hajawahi kumsemesha. Askari wa kike aliyemshika Shakila alikuwa akitafuta kalamu ya kuandikia kitabu chake, wakasimama.

"Mlimhamisha?" Shakila aliuliza. "Kondo. Mlimhamisha kutoka kijitoni?"

"Tulimhamisha." Mwaisha alimeza. "Wiki mbili sasa. Tukamsomea khitma. Walikuja watu wengi, hata wale waliokuwa wakisogeza meza. Walikula wali, wakashiba, wakaniambia walijua siku zote kwamba alikuwa kijana mzuri."

"Alhamdulillahi."

"Usinishukurie Mungu, dada." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayemrekebisha mtoto hesabu. "Mfupa mmoja wa mkono hatukuuona. Maji yalikuwa yameshauchukua. Tumemzika hivyo hivyo."

Shakila alitaka kusema samahani. Alikuwa amelisema neno hilo mahakamani, na kule juu milimani, na kila mara lilitoka dogo kuliko alivyokusudia.

"Geofrey ameachiwa," alisema badala yake. "Yeye ndiye aliyeniamuru. Wallahi, Mwaisha, ndiye."

"Naamini."

"Basi ungesema! Ungewaambia unaamini!"

"Ningesema nini? Mimi sikuwepo." Mwaisha alikunja gazeti la muhogo, akasimama, akajikung'uta majivu kwenye kanga. "Wewe ndiye uliyekuwepo. Ulikuwa na mdomo miaka minne mizima, na ulipoulizwa na wakubwa wako kwa jina la kazi, ukamficha. Mimi nimechukua nilichokipata. Nilikupata wewe."

Askari akapata kalamu. Karandinga likarudi nyuma taratibu mpaka kwenye ngazi, mlango wake wa chuma ukafunguliwa, na mawingu yalikuwa yameshafunika vilele vyote vya Uluguru. Mwaisha aliyatazama mawingu yale, akafunga kanga kiunoni, akaondoka haraka kwenda kuwahi gari la Matombo kabla barabara haijakatika.